Usiku wa Ijumaa

Nilivaa glavu kabla gari lake halijaingia getini. Si kwa ajili ya kazi. Kazi ilikuwa bado nusu saa, na hakuna mtu mwenye akili zake anayekaa na glavu za mpira nusu saa nzima kwenye joto la Boko. Nilivaa ili Adelard asione mikono yangu.

Mikono ilikuwa na hina na piko, maua kwa maua, kutoka kwenye kucha hadi juu ya kifundo. Juu yake nilivaa koti jeupe la mikono mirefu, nikafunga vifungo vyote. Jana yake, baada ya sala ya Ijumaa, baba yangu mkubwa, Mzee Mwinyimkuu, alikuwa amenifungisha ndoa na Mbwana, fundi mageti wa Chang'ombe. Wao wakiwa msikitini, mimi nikiwa chumbani kwetu Temeke nimelala chali natazama dari. Kesho yake jioni, Jumapili, ndiyo ningepelekwa kwa mume.

Mwali wa namna hiyo hatoki nje hata kuanika nguo. Lakini nilimwambia mama mkubwa Farida, dada yake mama, kwamba kule zizini kuna kazi ya asubuhi moja, mwenye kuijua ni mimi peke yangu, na daktari anayekuja kuifanya ni Adelard. Nilitegemea kibao. Yeye alinitazama, akatazama chini, kisha akanifungulia mlango wa uani. "Uwe umerudi kabla ya adhuhuri," alisema. Nilishangaa alivyolegea. Ningeijua sababu, nisingeshangaa.

Nilitaka kitu kimoja tu kabla sijaingia nyumba ya mtu. Nilitaka Adelard anitazame usoni aniambie kwa nini hakuja.

Miezi mitano nyuma tulikuwa tunapendana mpaka farasi wanatuonea haya. Yeye daktari wa mifugo, Mhaya aliyekulia Tabata, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani kila anapotaka kusema neno zito. Mimi msaidizi wa maabara ya zizi, mtoto wa Temeke, mdomo wangu hauna breki. Mwenye zizi alikuwa na farasi jike mmoja aliyempenda kuliko nduguze, tukimwita Bi Mkubwa. Alikuwa na miaka kumi na tisa na mguu wa nyuma mbovu. Kubeba mimba asingeweza, lakini damu yake ilikuwa dhahabu, na mwenyewe alitaka mtoto wake kwa udi na uvumba.

"Tutaichukua mimba ikiwa changa kabisa, ikiwa bado kiinitete, tuihamishie kwa Pili," Adelard aliniambia siku ya kwanza. Pili ni farasi wetu mwingine, mnene, mvivu, hana jina lolote mjini, ila tumbo lake zima. "Mtoto wa Bi Mkubwa, tumbo la Pili."

"Mtampasua?"

"Zamani ndiyo walikuwa wanapasua. Wanamlaza kwa dawa ya usingizi, wanamkata ubavuni, wanaiweka mimba, wanashona. Siku hizi tunapita mlango uleule aliouweka Mungu. Dakika kumi, farasi kasimama anatafuna majani."

"Na kama huyo mbebaji yuko mkoa mwingine?"

"Inawekwa kwenye boksi la ubaridi, inasafiri hata siku nzima. Wengine wanaigandisha, inakaa miaka. Wengine sasa wanavuta yai lenyewe kwa sindano, wanalirutubisha maabara kwa mbegu moja tu. Lakini mwanzoni kabisa, unajua Waingereza waliisafirisha kwa kutumia nini? Sungura."

"Muongo wewe!"

"Haki ya Mungu. Waliiweka ndani ya sungura jike, akapandishwa ndege mpaka Poland. Kule wakaitoa, wakaiweka kwa farasi."

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani makavu. Sungura wa watu, kapanda ndege na mimba ya farasi tumboni! Toka siku hiyo akaniita Sungura, nami nikamwita Ade, na maabara yetu ndogo ikawa haina hewa ya kutosha watu wawili.

Ila lililonikaa zaidi moyoni ni jambo jingine. Aliniambia kwamba yai la farasi ambalo halikushika mimba hubaki ndani ya mrija wa mayai, linazeekea humohumo. Kilicho hai ndicho kinachoshuka kwenye mji wa mimba, kwa sababu chenyewe kinaufanya mrija ufunguke. "Kinabisha hodi," alisema huku anafuta miwani. "Siku ya sita hivi kinabisha hodi, kinafunguliwa. Mie nikiruhusiwa kwenu, nitakuja hivyohivyo."

Kuruhusiwa kulichukua mwaka. Mama yake kule Tabata alilia siku tatu, kwamba mwanawe mkubwa akasilimu kwa ajili ya msichana anayeshinda na farasi! Baba yangu mkubwa naye hakutaka hata kusikia jina, akisema Adelard ni jina la dawa ya kikohozi. Tulibembeleza, tukatuma watu, tukanuna, tukasusa kula. Mwisho Mzee Mwinyimkuu akasema, "Haya. Aje usiku wa Ijumaa, yeye na mshenga wake. Mara moja tu. Nimwone."

Nilimfikishia Adelard maneno hayo kama yalivyo, bila kupunguza wala kuongeza.

Siku hiyo simu yangu ilichukuliwa, maana kwetu mwali hashiki simu siku ya kuposwa. Mikeka mipya ikatandikwa, sambusa zikakaangwa, wazee wakaja kutoka Mbagala. Tukangoja. Sambusa zikapoa. Wazee wakaanza kupiga miayo, kisha wakaanza kuaga mmoja mmoja, na kila aliyeaga alinipa pole kana kwamba nimefiwa. Adelard hakuja.

Kesho yake asubuhi nilirudishiwa simu. Hakukuwa na simu yake hata moja, hata salamu. Nikamfungia asinipate tena. Mbwana, ambaye posa yake ilikuwa imekaa mwezi mzima bila jibu, akajibiwa siku hiyohiyo. Walipokuja kuniuliza, nilinyamaza. Kwetu mwali akinyamaza, amekubali. Mimi nilinyamaza kwa hasira, lakini hakuna kipimo cha kupima kimya cha mtu. Wiki iliyofuata nikasikia Adelard kahamia Arusha.

Na sasa gari lake lilikuwa linaingia getini.

Alikuwa amekonda. Shati lilimpwaya mabegani. Nilikuwa nimeapa sitaona kitu kama hicho, na ndicho nilichokiona cha kwanza.

"Za siku nyingi, Hamida."

"Salama, Dokta."

Alisimama kidogo. Nilikuwa sijawahi kumwita Dokta. "Glavu mapema hivyo?"

"Nimejiandaa. Wengine huwa tunajiandaa."

Alilimeza hilo bila maji. Alimsalimia Mzee Jonas, mtunza farasi, aliyekuwa ameshika kichwa cha Bi Mkubwa ndani ya fremu ya vyuma, "Shikamoo mzee," na mzee akaitikia marahaba na kumwambia amepotea sana.

Tukafanya kazi. Mrija laini ukapita, maji ya dawa ya uvuguvugu yakaingia kwenye mji wa mimba, yakakaa, yakatoka kupitia chujio langu. Lita ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kati yetu hayakupita maneno zaidi ya "fungua", "funga" na "pandisha kidogo". Lakini mikono haijui kununa. Kila alipoinyoosha yake, yangu ilikuwa imeshafika na kitu anachokitaka.

Nilimimina kilichobaki kwenye chujio ndani ya kisahani, nikakiweka chini ya hadubini. Kiinitete cha siku saba ni kama punje ya mchanga, ila cha mviringo safi na kinang'aa. Nilipekua kisahani chote, mstari kwa mstari. Nikarudia.

"Hakipo," nilisema.

"Hebu."

Aliinama kabla sijasogea. Kichwa chake kilikuwa karibu na changu, na ile harufu yake ya sabuni ya mche na kahawa ikanijia yote kwa mkupuo. Nilifumba macho. Miezi mitano nilijifundisha kumchukia, na nusu dakika ilitosha kuvuruga masomo yote.

"Hakipo kweli," alisema taratibu. Alinyanyuka, akamwambia Mzee Jonas aende akanywe chai. Kisha akavuta dawa kwenye sindano. "Basi. Nampiga hii ya kumrudisha kwenye joto, apandwe upya, tujaribu tena baada ya wiki tatu."

"Wiki tatu zijazo utafute mwingine wa kukushikia kisahani."

"Unaacha kazi?"

Nilijifanya nafuta meza iliyokuwa safi.

"Sawa," alisema. Akaushika mkia wa Bi Mkubwa pembeni, sindano mkononi, akauliza kama mtu anayeuliza tu: "Leo siku ya ngapi?"

"Ya saba. Daftari hilo hapo. Stanley alipima, akaniandikia, nikahesabu." Stanley ni daktari mwenzake, Mchaga, aliyekuwa anatupimia farasi kwa ultrasaundi toka yeye aondoke.

"Yai lilitoka lini?"

"Jumamosi usiku."

Sindano ikasimama hewani. "Jumamosi ipi?"

"Iliyopita. Kwani ziko ngapi?"

"Hamida, Jumamosi usiku Stanley alikuwa Moshi. Kipaimara cha mtoto wa dada yake. Mie nilikuwepo, tumekula meza moja. Kapanda ndege Jumapili mchana."

"Basi kasema uongo."

Aliweka sindano juu ya sahani ya chuma, akapiga simu, akaiweka sauti juu. Stanley alipokea kwa usingizi.

"Stanley, Bi Mkubwa katoa yai lini?"

"Si nilimwandikia Hamida? Usiku wa Jumapili. Nimempima saa moja jioni lipo, saa tano halipo."

"Si ndiyo Jumamosi usiku hiyo!" nikadakia.

"Sista, umeamkaje leo?" Stanley akacheka.

Adelard alikata simu. "Hebu nieleze. Usiku wa Jumapili unakuwaje Jumamosi?"

"Kuna nini cha kueleza? Siku inaanza jua likizama. Usiku wa Jumapili ni ule wa kuamkia Jumapili. Kwetu mtoto wa miaka mitano anajua. Kama alitaka ya Jumapili yenyewe, angesema Jumapili usiku."

"Usiku wa Jumapili na Jumapili usiku ni vitu viwili?"

"Ni siku mbili kabisa."

Alicheka. Kilikuwa kile kicheko chake cha zamani, cha mabega, na mimi bila kutaka nikacheka pia. "Nyie watu wa pwani mtatuua! Kumbe leo siku ya sita yenyewe haijatimia. Kiinitete hakijapotea, Hamida. Hakijafika tu. Kiko kwenye mrija, bado kiko njiani." Aliitazama ile sindano. "Na mie nilitaka kuchoma. Ningekiua bure, kwa sababu ya jina la..."

Hakumalizia. Alivua miwani. Akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena.

"Hamida. Baba yako mkubwa alisema nije siku gani?"

"Usijifanye hukumbuki."

"Nakumbuka. Nataka niisikie kwa mdomo wako."

"Alisema uje usiku wa..."

Nikasikia. Kabla neno halijatoka nilikuwa nimeshalisikia. Mikeka yetu tuliitandika Alhamisi.

"Ijumaa," alimalizia yeye. "Nami nilikuja. Ijumaa, saa moja jioni. Nimevaa kanzu ya kuazima, inanipwaya. Marselino wa Mwenge, yule mchonga vinyago, ndiye mshenga wangu, kafunga duka mapema, kajifundisha maneno ya posa njia nzima. Mama kanifungia kahawa za kutafuna kwenye majani makavu ya mgomba, kwa mkono wake mwenyewe, yule mama aliyekuwa halitaki hata jina lako. Tumefika kwenu, nakuta viatu mlangoni na harufu ya pilau. Nikajua wanatungoja sisi. Kijana mmoja akatuambia, karibuni sana, leo tunapokea posa ya Hamida, kaposwa na Mbwana."

"Ade..."

"Niliona nimeitwa nije nitazame. Nikaona ndiyo namna yenu ya kumwambia Mhaya aende zake." Alivaa tena miwani. "Nilibisha hodi, Hamida. Nilibisha hodi."

Nilitaka kulia, lakini kwangu hasira huwa inatangulia. "Na simu je? Mbona hukupiga? Alhamisi kutwa, Ijumaa kutwa, hata salamu!"

"Marselino alinikataza. Alisema kabla ya posa mume hampigii mwali, ni kukosa adabu kwa wakwe. Na nilipotoka pale kwenu nimekupigia mpaka simu ikaisha chaji. Ulikuwa umenifungia."

"Ungekuja! Ungekuja Jumamosi, ungekuja Jumatatu hapahapa zizini, ungenitukana, nami ningekutukana, na humo ndani ya matusi tungejua! Ukakimbilia Arusha!"

"Na wewe ulimtuma nani aje Tabata kuniuliza? Una mdomo unaomtosha kila mtu mjini hapa, kwangu ukaufunga."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimesema mtoto wa Temeke hambembelezi mwanamume aliyemwaibisha mbele ya ukoo, na kila shoga yangu aliniunga mkono. Bi Mkubwa alitutazama kwa jicho moja, akaendelea na majani yake.

Adelard alinisogelea. "Twende Temeke. Sasa hivi. Tukamweleze mzee, na Stanley awe shahidi, na huyu farasi awe shahidi. Mama yako mkubwa ananijua. Ndiye aliyetoka getini siku ile, akapokea zile kahawa, akaniambia, rudi mwanangu, mambo yameisha."

"Nani?"

"Mama Farida."

Mlango wa uani ulinijia machoni, na yule mama akitazama chini. Nilichomoa simu mfukoni. Kioo kilikataa kidole chenye glavu. Nikaing'ata glavu kwa meno, nikaivuta, nikapiga. Sikuwaza chochote kuhusu mkono wangu.

"Mama mkubwa. Adelard alikuja Ijumaa ile?"

Nyuma yake nilisikia kuku wa jirani.

"Alikuja, mwanangu."

"Ulijua kwamba kakosea siku?"

"Nilijua palepale. Aliponiambia, tumeitikia wito wa Ijumaa, nikaelewa. Wa bara hawa hawazijui nyusiku zetu."

"Na hukusema?"

"Niseme nini, Hamida? Wageni walikuwa wameshanawa mikono. Sinia lilikuwa limeshawekwa. Nimwinue shemeji yangu mbele za watu, nimwambie rudisha neno lako?" Alianza kulia kama mtoto. "Zile kahawa zake ninazo kabatini. Kila nikitaka kuzitupa, mkono unakataa. Leo nilikuacha utoke ili uambiwe na mtu mwingine, siyo mimi."

Nilikata. Nilipoinua uso, Adelard alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa anatazama mkono ulioshika simu, yale maua meusi na mekundu yaliyopanda mpaka yanaingia ndani ya koti.

"Lini?" aliuliza.

"Jana."

"Jana lini?"

"Mchana. Mchana hauna utata."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, taratibu, kama mzee. Nikavua na glavu ya pili, maana hakukuwa na cha kuficha tena. Alikishika kiganja changu kwa vidole viwili tu, akakigeuza, akausoma mchoro kama anavyosomaga picha za ultrasaundi, akitafuta uhai.

"Ndoa zinavunjika," alisema. "Watu wanaachana kila siku. Bado hujaenda hata kwake."

"Mbwana kanikosea nini?"

Akarudi kuutazama mchoro.

"Nijibu, Ade. Angekuwa mlevi, ningetoka nawe hapa na koti hilihili. Kapaka chumba rangi. Alimtuma dada yake aje aniulize napenda rangi gani, nikajibu yoyote, akapaka kijani, akasema inapumzisha macho ya mtu anayeshinda kwenye hadubini. Nimwambie nakuacha kwa sababu gani? Kwa sababu ya usiku mmoja kuitwa majina mawili?"

"Na mie? Mie nimekukosea nini?"

"Hujanikosea." Hapo ndipo machozi yalipotoka, tena kwa fujo. "Ndiyo maana inauma hivi. Miezi mitano nilikuwa na mtu wa kumchukia, nikalala. Sasa umekuja umeninyang'anya hata hicho."

Alisimama. Nilidhani atanikumbatia, na Mungu ananijua, nilitaka. Lakini Adelard ni mtu wa heshima mpaka inakera. Alirudi nyuma hatua moja, akaachia kiganja changu, akaichukua ile sindano, akaimwaga dawa yote kwenye beseni.

"Tutamwosha tena Jumatatu asubuhi," alisema, akijaribu sauti ya kazi. "Itakuwa siku ya saba kweli. Utakuwepo?"

"Nitakuwa fungate. Siku saba sitoki."

"Siku saba," alirudia. Alifuta miwani. "Zinahesabiwa kuanzia lini?"

Nilimwonyesha mahali nilipoficha kipande changu cha karatasi nyeusi, nikamwambia akiweke kisahani juu yake kwanza, kiinitete kinaonekana kwa jicho kabla ya hadubini kama mwanga unatoka kushoto. Nikamwonyesha namna ya kutikisa chujio pole pole. Aliitikia kila neno, ndiyo, ndiyo, na wote wawili tulijua kwamba ujanja wote huo yeye ndiye aliyenifundisha.

Mlangoni aliniita. "Sungura."

Sikugeuka. Ningegeuka, nisingefika Temeke kabla ya adhuhuri, wala siku nyingine yoyote.

Jumapili jioni nilipelekwa Chang'ombe. Mama mkubwa alilia kuliko desturi, watu wakasema anampenda sana mwanawe.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimekaa kitandani kwenye chumba cha kijani. Mbwana alikuwa amekwenda mwenyewe kununua chapati na supu, kwa sababu, alisema, mwali haingii jikoni. Simu ikatikisika juu ya meza. Ilikuwa namba ya Stanley. Kulikuwa na picha: duara dogo, safi, linang'aa, kama tone la maji kwenye jani la mgomba. Chini yake paliandikwa:

"Hakikupotea, Sungura. Kilikuwa njiani tu. Kimeshaingia kwa Pili."

Stanley hajawahi kuniita Sungura. Nilisoma mara moja, nikafuta, nikaiweka simu kifudifudi.

Mbwana aliingia na sinia. Aliliweka taratibu, akaniona uso. "Kuna nini, mke wangu? Kwenu kwema?"

"Kwema. Ni kazini. Mtoto wa farasi kapatikana. Walidhani kapotea, kumbe alichelewa siku."

"Alhamdulillahi," alisema kwa furaha ya kweli, mikono yake mikubwa ya fundi ikimimina chai. "Sasa unalia nini, Hamida? Si kafika?"

"Ndiyo," nilisema. "Kafika."

Alinisogezea kikombe karibu, akapuliza chai yangu ipoe.